Firigisi ya Vedeti

Kabambare, Jumamosi 5 Novemba 2022

Daftari hili lilikuwa la kuandikia mahudhurio ya walimu. Nimelichukua. Direktrisi wa shule ni mimi, nani ataniuliza?

Sababu ni simu ya Papa Gérard, mpiga picha wa Kasongo. Alipiga mara tano mtandao ukikatika, ya sita akapaza sauti utadhani nyumba inaungua: "Vedeti! Kanda imeonekana! Ilikuwa ndani ya sanduku ya chuma, chini ya manguo ya marehemu muke yangu!"

Kanda hiyo ni ya filamu ya kuchekesha tuliyocheza Kasongo mwaka 1988, nikiwa na miaka tisa. Inaitwa *Vedeti Hagusi Chini*. Tulikuwa na kamera moja ya video na betri moja iliyochoka. Papa Gérard hakuwa na mashine ya kukata na kuunganisha picha, kwa hiyo alipiga hadithi kwa kufuata mpangilio wake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akiwasha na kuzima kwa kidole. Ukikosea, kosa lako linabaki ndani ya filamu milele. Vedeti, yaani nyota wa filamu, nilikuwa mimi, na nasema bila haya kwamba nilikuwa hodari.

Picha bado ni nzima, lakini sauti imekufa, unyevu umeila. Bulaimu, mwenye ukumbi wa video pale Kasongo, ameitoa filamu kwenye kanda na kuiweka ndani ya kompyuta yake. Tarehe 11 Februari, mavuno ya mpunga yakiisha, ataionyesha mchana ukumbini, juu ya shuka iliyotundikwa mbele, na sisi tulio hai tutakaa nyuma ya shuka na kusema maneno yetu wenyewe.

Nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

8 Novemba

Mvua. Darasa la tatu linavuja tena.

13 Novemba

Leo tulipalilia mpunga, na nikamsimulia Laetitia, binti yangu, hadithi ya filamu. Katoto ka Kasongo kanashinda shindano la kuimba redioni, na sifa zinakapanda kichwani. Hakataki tena kutembea. Kanadai tipoye, kile kiti cha kubebwa mabegani ambacho babu zetu waliwabebea wazungu wa zamani, na wanaume wanne wanakapitisha sokoni katikati ya mihogo na samaki. Kanadai mwalimu akapepee na katekista akashikie mwavuli. Mwishowe wabebaji wanachoka, wanakamwaga topeni, na kanarudi nyumbani kwa miguu. Kiti kilikuwa cha shule, mianzi ya jirani, mwavuli ulikuwa umetoboka, na tope tulipewa na Mungu.

Laetitia alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Na weye mama, ulikuwa mutoto wa kudeka vile kweli, ao ulikuwa unajifanya?"

Nilimjibu kweli. Wiki ya kwanza nilijifanya. Wiki ya tatu nilitaka tipoye inipeleke hata shuleni, na nilimkatalia Mama viatu vya kawaida.

Sikumweleza ile ya firigisi. Naiandika hapa.

Kuna mahali familia ya vedeti iko mezani. Kuku alikuwa mmoja tu, aliyepikwa na Mama asubuhi. Baba wa vedeti alichezwa na baba yangu mzazi, Salomon, fundi cherehani, kwa sababu hakuna mwanamume mwingine aliyekubali kuamrishwa na mtoto mbele ya watu. Mimi nilitakiwa nisukume sahani na kusema siwezi kula chakula cha watu wa kawaida. Badala yake nilichukua firigisi, nikaitafuna huku naangalia kamera.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Mama hata awe na njaa namna gani, firigisi inakwenda kwa baba, na mtoto haitazami hata mara mbili. Filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni ndogo ya Papa Gérard, watu walipiga kelele mpaka televisheni ikataka kuanguka. Mimi niliona aibu, nikajificha ndani ya kitenge cha Mama. Kwa hiyo pale mezani sikuwahi kupaona.

Wiki ile wazee wa mtaa walikuwa wameshakubaliana kumweka Baba awe kapita wetu, mkubwa wa mtaa. Walibadilisha. Walisema mtu anayenyang'anywa firigisi na mtoto wa kike hawezi kuamrisha mtaa. Akawekwa Papa Marcellin. Kwenye arusi wakimgawia Baba kuku walimpa shingo, na watu wakacheka. Mimi nikaitwa Vedeti kila njia, na watu walinisifu kwamba sina woga. Nilifurahia sifa na kuogopa macho ya Baba, vyote pamoja, kwa miaka thelathini na nne. Hatujawahi kuizungumza.

Nataka siku ile akae mstari wa mbele, aione, acheke mara moja tu. Asipokuja, hata Kasongo nzima ikianguka kwa kicheko, kwangu itakuwa kazi bure.

20 Novemba

Nimempigia Baba.

"Baba, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili utakuja kuangalia filme yetu?"

"Mi nilikuwako, mama. Niangalie tena ya nini?" Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Émérance.

"Utaniangalia miye."

"Weye nakuangaliaka bila shuka." Akauliza habari za mpunga. Akauliza za paa la shule. Kisha, kama mtu asiye na haja: "Na ile shuka ya Bulaimu, iko kubwa?"

"Kama ukuta muzima, Baba."

"Aa. Basi mi sitakuja."

Nimeudhika mpaka nimeunguza maharagwe.

3 Desemba

Kasimu wa pikipiki amefika kutoka Kasongo na filamu ndani ya kadi ya simu, imefungwa ndani ya plastiki, plastiki ndani ya soksi. Soksi ilikuwa imelowa, kadi ilikuwa kavu. Nimemshukuru kwa sahani mbili za wali.

Naiangalia kwenye simu. Watu ni wadogo kama maharagwe, lakini mdomo wangu nausoma. Ajabu ni kwamba maneno yapo yote. Nilikaa jikoni nikisema na mtoto yule kwa pamoja, "Pole pole na mimi, niko vedeti!", na Laetitia akaja kuchungulia kama mama yake ni mzima.

Pale mezani tu ndipo sioni vizuri. Mwanga wa dirisha umefifisha picha, na simu ni ndogo. Mdomo unafunguka, unafungwa, halafu natafuna. Sikumbuki nilisema nini.

9 Desemba

Habari imetembea. Mwanafunzi wa darasa la sita ameandika VEDETI ubaoni. Nilimwadhibu afagie uwanja. Halafu nikasimama mbele ya ubao dakika nzima kabla ya kufuta, maana mwandiko wake ni mzuri.

18 Desemba

Mvua siku nne. Daraja dogo la upande wa soko limekwenda na maji.

25 Desemba

Noeli. Nimempigia Baba tena. Ameimba wimbo wa kanisa wote kwenye simu, aya zote, ili nisipate nafasi ya kuuliza. Niliuliza hata hivyo. "Macho yangu, mama," akasema. Macho gani? Mwezi uliopita alitunga uzi kwenye sindano gizani.

Nimewaza kwamba bado ana hasira. Nimewaza pia kwamba ni haki yake. Alitaka mtaa, akapewa shingo ya kuku, na yote ni kwa sababu ya mdomo wangu.

7 Januari

Ndege wameingia kwenye mpunga. Kutwa kupiga mabati.

15 Januari

Mpunga unaiva. Ndege, mabati, mvua. Sauti yangu imekauka, na Papa Gérard ananitumia ujumbe kwamba vedeti asilale bila asali.

21 Januari

Tunavuna. Mgongo.

22 Januari

Tunavuna. Laetitia anakata haraka kuliko mimi na anahakikisha naona.

29 Januari

Tumemaliza, na mpunga ni mwingi kuliko mwaka jana, namshukuru Mungu. Lakini mvua haitaki kwenda kwao. Usiku huu, la, tangu mchana, inapiga mabati ya nyumba mpaka siwezi kumsikia Laetitia aliye upande wa pili wa meza. Ndipo nikakumbuka: ukumbi wa Bulaimu umeezekwa mabati. Ikinyesha siku ile, nani atasikia sauti zetu?

9 Februari, Lusangi

Tumetoka Kabambare alfajiri, mimi na Laetitia na gunia la mchele juu ya pikipiki ya Kasimu. Tope mpaka magotini. Mara tatu tumeshuka kusukuma. Mara ya nne Kasimu akaniambia, "Mama Direktrisi, bakia juu, weye ni vedeti," na nikabaki juu, nao wakasukuma. Sijui kama hiyo ni heshima au ni dhihaka. Nilikaa vizuri tu.

Kasongo, Ijumaa 10 Februari

Leo nitaandika yote.

Tulifika saa nne asubuhi. Nilipita kwa Bulaimu kwanza, nguo zikiwa na tope. Madirisha ameyaziba kwa mablanketi, na mbele, hatua chache kutoka ukutani, ametundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja kuwa moja. Nilikaribia. Ile mishono naijua, nimevaa mishono ile utoto wangu wote.

"Nani ameshona hii?"

"Papa Salomon," Bulaimu akasema. "Alikamata siku mbili. Hakutaka kitu."

Baba anayekataa kuja ameshona shuka. Sikuelewa.

Tulifanya mazoezi. Papa Gérard, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, anasema sauti za wabebaji wawili waliokufa, na anazisema vizuri. Tukacheka. Tukafika mezani. Kwenye simu watu walikuwa maharagwe. Kwenye shuka mkono wa Baba ulikuwa mkubwa kama mlango.

Niliona mtoto amekaa na sahani yake. Mdomo unafunguka na haitoki kitu. Unafungwa. Unafunguka tena. Macho yanamtafuta Papa Gérard nyuma ya kamera. Mimi nimefundisha miaka ishirini, uso ule naujua: ni mtoto aliyesahau maneno, na bado kidogo tu alie. Hapo, pembeni, kijiko cha Baba kinaisukuma firigisi kutoka sahani yake, pole pole, mpaka ndani ya sahani ya mtoto. Kidole chake kinagonga meza mara mbili. Mtoto anaiangalia firigisi, anamwangalia baba yake, anaichukua na kuila. Sura inabadilika, kichwa kinapanda juu, na vedeti anarudi.

"Bulaimu, rudisha."

"Yaya Émérance, dada yangu, unatafuta nini?"

"Rudisha, nimesema."

Alirudisha mara sita. Papa Gérard alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Miye nilikuwa naangalia ndani ya kale katundu ka kamera," akasema taratibu. "Nilikuwa naangalia uso yako tu. Na batu bote vilevile."

Nilikwenda kwa miguu mpaka nyumbani. Baba alikuwa kwenye cherehani, barazani, anashona shati la mtoto wa shule.

"Baba, ni weye uliyenipa."

Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mshono. "Shuka kubwa," akasema. "Nilijua utaona."

"Juu ya nini haukusema?"

"Kuku ilikuwa moja, mama. Betri ilikuwa inakufa. Gérard alisema tukiharibu pale, filme imekwisha. Na weye ulisahau maneno. Nikaona ukilia pale mbele ya batu, hautasimama tena mbele ya batu maisha yako yote."

"Balikunyima ukapita! Ungesema tu, ule ni mukono yangu, bangekupa!"

"Bangenipa."

"Sasa?"

Akakata uzi kwa meno. "Na weye ungebaki na nini? Batu balikuwa banapita hapa njiani banasema, ule mutoto ya Salomon hana woga hata kidogo. Mi niko nashona, nasikia. Kapita ni kazi ya kutenganisha batu banapigana juu ya mbuzi. Marcellin alichoka nayo mwaka wa kwanza."

Nilikasirika kwanza, ndivyo nilivyo. Nilimwambia ameniibia. Miaka thelathini na nne nimebeba kosa ambalo si langu, na nimejivunia ujasiri ambao si wangu vilevile. Alisikiliza yote mikono ikiwa juu ya shati. Nilipomaliza, nililia kama yule wa mezani ambaye hakulia.

Kisha nikajipangusa na kumwambia kwa sauti ya shule: "Kesho unakuja. Utakaa nyuma ya shuka na siye, useme sauti yako."

"Miye pale mezani siko na maneno."

"Utanyamaza. Lakini utanyamazia pale pale, hautanyamazia hapa."

Alicheka! Niliandika Novemba kwamba nataka acheke mara moja, na amecheka. "Vedeti amerudi," akasema, na akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi 11 Februari

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Wanafunzi, wamama wa soko, waislamu waliotoka kuswali na wakristo waliotoka kwaya. Mstari wa mbele alikaa Papa Marcellin, kapita wa zamani, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe. Sisi tulikuwa nyuma ya shuka, Baba kwenye pipa tupu la mafuta, ndani ya koti lake la arusi.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Nilisema, watu wakacheka, nikasema, wakacheka zaidi. Katekista alipopewa mwavuli uliotoboka, mama mmoja aliomba msamaha kwa Mungu kwa sauti.

Tipoye ilipoingia sokoni, mvua ikaanguka. Haikuanza kwa matone, ilimwagika yote mara moja, na mabati yakanguruma. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, na Laetitia aliyekuwa mstari wa pili akanifanyia ishara kwamba hasikii kitu. Watu walianza kuguna. Bulaimu akaja nyuma akaniwekea mdomo sikioni. "Tuzime? Tungoje?"

"Usizime!"

Maana nilikuwa nimejua la kufanya. Jana nilipanga kusema kwa mdomo, na mdomo umeshindwa. Niliichukua fimbo ya Papa Gérard, ambaye hata hakuuliza, nikatoka mbele ya shuka. Mwanga ulinipiga usoni. Watu mia mbili walikuwa wananiangalia na hakuna anayeweza kunisikia. Kwa mwalimu hiyo ni siku ya kawaida.

Meza ilipokuja, niliinua fimbo kama ninavyoinua ubaoni. Nilionyesha mdomo wa mtoto unaofunguka bila kitu. Nilionyesha macho. Halafu nikaipeleka fimbo pembeni, kwenye ule mkono mkubwa, na nikaufuata, sentimeta kwa sentimeta, kijiko kikisukuma firigisi mpaka kwangu. Niligonga shuka mara mbili pamoja na kidole chake.

Nikamwashiria Bulaimu arudishe. Akarudisha. Mara ya pili wamama walisimama. Mara ya tatu ukumbi mzima ulisimama, na hata kwenye mvua ile niliwasikia.

Papa Marcellin alikuwa wa mwisho kusimama, ana magoti mabaya. Alikuja mpaka kwenye shuka, akaangalia mkono ule kwa karibu, pua yake ikikaribia kuugusa. Kisha akainua ukingo wa shuka, akapita nyuma, akarudi amemshika Baba mkono. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mstari wa mbele. Sikusikia alimwambia nini. Laetitia anasema alisema, "Ulikuwa unanicheka miaka yote hii, fundi?" na Baba akajibu, "Kidogo."

Filamu iliendelea bila sauti mpaka mwisho, na hakuna aliyeondoka. Mvua ilipoacha, uwanja wote ulikuwa tope. Sijui nani alianza, lakini vijana wanne walikiinua kile kiti na Baba juu yake, na watu wakaimba jina la filamu, *vedeti hagusi chini, vedeti hagusi chini*. Baba aliwaamuru wamteremshe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kweli angekuwa kapita mzuri. Hawakumtii, walimbeba mpaka mlangoni kwake, koti la arusi halina hata tone la tope.

Nilitembea nyuma yao, miguu mitupu, tope mpaka kwenye magoti, na sijawahi kujivuna hivi maishani. Ushujaa ulikuwa wake, nami niliuonyesha kwa fimbo, na hayo mawili yananitosha.

Jumapili 12 Februari

Kesho tunarudi Kabambare. Baada ya ibada nilichinja kuku, nikampika mwenyewe, wala sikumruhusu Laetitia kugusa sufuria. Nilimwekea Baba sahani yake, na juu ya wali, katikati, firigisi. Niliiweka kwa mikono miwili. Nilikuwa nimetayarisha na maneno ya kusema, marefu, ya kuomba msamaha na kushukuru.

Niliyasahau. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Baba aliniangalia. Akachukua kijiko, akaisukuma firigisi pole pole mpaka ndani ya sahani yangu, akagonga meza mara mbili.

"Kula, mama," akasema. "Kamera iko inaendelea."

Nilikula yote. Laetitia aliomba kipande, nikamnyima.